Mashine ya boti ya zamani ikigoma kuwaka, plagi ndo itakwambia

Kwanza kabisa acha kuvuta kamba. Najua umeshavuta mara ishirini na unaona kabisa ya ishirini na moja ndo itawaka, ila mashine ikishavutwa mara tano sita na haijaonyesha hata dalili, basi kuna kitu inakosa, utaivuta mpaka mkono ufe ganzi na kila ukivuta unazidi kuimwagia petroli ndani. Inahitaji vitu vitatu tu, petroli safi, cheche inayokuja kwa wakati wake, na kompresheni, yaani ule mgandamizo ndani ya silinda. Jua kwanza kipi kinakosekana. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, usiiguse bado, watu wengi wanakimbilia kuifungua, wanachana gasketi, wanapoteza kijisindano cha floti, halafu tatizo lenyewe lilikua kikamba cha usalama, kile kinachozima mashine kikichomoka kwenye swichi, kimechomoka.

Kwahiyo anza na hivyo vidogo. Kikamba cha usalama kimekaa kwenye swichi yake? Gia iko nyutro? (mashine nyingi hazikubali kuwaka ikiwa ndani ya gia.) Kifuniko cha tanki kina kitundu au skrubu ya kupitisha hewa, imefunguliwa? Isipofunguliwa tanki linavuta ombwe na petroli haiji. Kama ni ya stata angalia betri na taminali zake, zikiwa na ule unga wa kijani au mweupe zisugue mpaka zing'ae.

Sasa binya ile pampu ya mpira iliyoko kwenye bomba la petroli, mshale wake ukiangalia kwenye mashine, tena ishike imesimama, mshale juu. Inatakiwa iwe ngumu. Ukibinya weee na bado laini basi hewa inaingia mahali, na mara nyingi ni kwenye ile konekta ya kuchomeka kwenye mashine, ule mpira mdogo wa duara ndani yake umechakaa, au valvu za pampu yenyewe zimekufa. Mabomba ya zamani nayo yana tabia ya kubanduka kwa ndani, nje unaliona zima kabisa kumbe ndani njia imejiziba.

Petroli yenyewe imekaa muda gani? Miezi kadhaa inatosha kuiharibu. Chota kidogo kutoka chini ya tanki weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, uache itulie, kama kuna maji utayaona yamejitenga chini maana maji ni mazito kuliko petroli. Ikiwa imebadilika rangi na inanuka kama vanishi, imwage sehemu salama, weka mpya. Mashine za tu-stroku nyingi mchanganyiko ni 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli, ila za zamani zaidi kuna zinazotaka 25:1, yaani mililita 40, hivyo soma kibandiko au kitabu chake usikisie, ukipunguza oili unaua pistoni. Fo-stroku hazichanganywi oili kwenye petroli.

Haya, chomoa plagi, zote. Hapa ndo pa kutulia maana plagi inakwambia karibu kila kitu. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta sana, mafuta hayafiki, rudi kwenye bomba, filta, pampu ya mafuta (ile diaframu yake huwa inatoboka), na mwisho ndo kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kwahiyo ama cheche hamna ama mashine imelewa, yaani petroli imezidi ndani. Ikiwa na matone ya maji, maji yameingia kwenye petroli, au mbaya zaidi gasketi ya kichwa imekufa.

Kama imelewa, zima choki, fungua akseleta yote, hakikisha hakuna moto wala cheche karibu, vuta kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje na waya zake zimegusishwa kwenye bodi, halafu kausha plagi urudishe. Nyingi huwaka hapo hapo na moshi mwingi, rudisha akseleta haraka.

Kupima cheche, chomeka plagi kwenye kofia yake, chuma chake kiguse bodi ya mashine sehemu isiyo na rangi, mbali na matundu ya plagi maana mvuke wa petroli unalipuka kweli, usichukulie poa. Waya zote ziwe zimegusa bodi, usiache mmoja unaning'inia, kwenye mashine za CDI (zinazotengeneza cheche kwa kifaa cha kielektroniki) unaweza kukiunguza hicho kifaa. Vuta. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia ikilia. Ikiwa ya njano dhaifu au hamna, jaribu plagi mpya kwanza. Bado? Tenganisha waya unaotoka kwenye swichi ya kuzimia, cheche ikirudi basi ubovu ni swichi, ila kumbuka ukiiwasha hivyo haitazimika kwa swichi, utaizima kwa kuvuta choki au kukata mafuta. Za zamani sana zina platini, vile visahani vya kukata na kuunganisha umeme wa cheche, chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya mashine), chumvi inazila, zipitishie msasa laini na usafishe.

Ikitokea cheche ipo, mafuta yapo, na mashine inarusha kamba nyuma kwa nguvu au inapiga risasi kwenye kabureta, mtuhumiwa wangu ni kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachoishika kwenye shafti. Kikikatika au kikisogea, cheche inakuja wakati sio wake.

Kompresheni pima kwa geji, silinda zote zikaribiane, tofauti ikizidi kama asilimia 15 ringi au gasketi zinahusika, hapo mpe fundi.

Kabureta ikibidi, toa kikombe cha chini, angalia uchafu na maji, toa jeti, vile vichuma vyenye kitundu chembamba cha kupitisha petroli, uzipulizie hewa na dawa ya kabureta, usichokonoe na waya wa chuma maana kitundu kikitanuka hakirudi. Piga picha kila hatua kabla hujatoa kitu.

Na ikiwaka usiishangilie ikiwa kavu. Iwe ndani ya pipa la maji, maji yapite juu ya lile bapa lililo juu ya panga (propela), na uone maji yakiruka kwenye kitundu cha pembeni. Yasipotoka ndani ya sekunde chache izime, impela, ile inayosukuma maji ya kupoza mashine, ni ya mpira na bila maji inaungua haraka mno.