Namna ya Kujilinda Unapokutana na Musi Porini

Musi (kwa Kiingereza moose), mnyama wa nchi za baridi za kaskazini aliye mkubwa kuliko wote wa jamaa ya kulungu, huonekana mpole anapotafuna majani, na upole huo ndio unaowaponza watu. Dume mkubwa anaweza kuzidi kilo 500 na kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo usimkaribie hata kwa ajili ya picha, hasa jike mwenye ndama au dume wa Septemba na Oktoba, msimu wa kupandana. Mbwa afungwe kamba, kwani musi humwona kama mbwamwitu.

Tazama masikio: yakilala nyuma, manyoya ya shingoni yakasimama na mnyama akajilamba midomo, amekwisha kukasirika. Rudi nyuma taratibu. Akikushambulia, kimbia ukajikinge nyuma ya mti mnene. Ushauri wa kutokimbia ni wa dubu, si wake. Akikuangusha, jikunje, ufunike kichwa na shingo kwa mikono, utulie kimya mpaka aende mbali kabisa, maana ukiinuka mapema anaweza kurudi kukukanyaga.