Kugawa kazi kwa wajitoleaji wa programu huria, na kuirudisha kapuni ikikwama

Tuchukulie mko watu 8 mnaotengeneza programu huria ya kurekodi uzito wa korosho kwenye AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima). Wawili wako Mtwara mjini, wengine Masasi, Nachingwea na Lindi. Mwenye kompyuta hana bando, mwenye bando yuko zamu, na hakuna anayelipwa. Msimbo uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja, na kila mmoja anajua kujitengenezea nakala ya hazina (folda ya mradi, "repository") na kutuma ombi la kuunganisha ("pull request"), yaani kuomba mabadiliko yake yaingizwe. Kapu ni orodha ya kazi zisizo na mtu.

Hatua ya 1: Hazina ikae kwenye akaunti ya shirika

Ni bure. Kwenye akaunti binafsi, kila unayemwongeza anapata ruhusa ya kusukuma msimbo, hakuna daraja la kati. Akaunti ya shirika ina daraja liitwalo Triage: mwenye nalo anabandika lebo, anakabidhi na kufunga ishu ("issue", yaani kazi au tatizo lililoandikwa kwenye hazina), lakini msimbo haugusi. Wape watu wawili daraja hilo, na wasiwe wa mji mmoja. Umeme ukikatika Masasi, wa Lindi aendelee.

Hatua ya 2: Kata kazi vipande

Kipande kimoja kiishe ndani ya jioni mbili za mtu anayeshinda kibaruani. "Boresha ukurasa wa mizani" ni mradi mzima huo. Kazi inaandikwa hivi:

> Ukiingiza gunia la kilo 80.5, stakabadhi inatoka na 80. Faili ni mizani.py, penye int(uzito). Tumia Decimal (namba ya desimali isiyopoteza usahihi), usitumie float. Imekwisha pale: magunia 3 ya 80.5 yakitoa jumla ya 241.5 kwenye jaribio.

Mstari wa "imekwisha pale" usiuache. Usipokuwepo, mtu atarekebisha nusu kilo, kisha ataanza kupanga upya rangi za vitufe, na ombi lake litakuwa na mafaili 30 ambayo hakuna atakayepata muda wa kuyasoma.

Hatua ya 3: Lebo

Mbili zinatosha, na GitHub inakuwekea tayari: "good first issue" na "help wanted". Ya kwanza usiitafsiri, maana ndiyo inayopeleka kazi kwenye ukurasa wa /contribute wanakoangalia wageni. Kazi zisizo na mtu zinapatikana kwa kutafuta `is:open no:assignee`.

Hatua ya 4: Kukabidhi

Ishu moja inaruhusiwa kuwa na hadi majina 10. Weka moja tu. Kazi ya wawili hutegeana.

Mtu asiye mwanachama wa shirika hawezi kujikabidhi ishu, na ukitafuta jina lake kwenye kisanduku cha Assignees (waliokabidhiwa) hulioni. Wengi hudhani amekosea jina la akaunti. Hajakosea: anatakiwa kwanza atoe maoni kwenye ishu hiyohiyo. Aandike "Naichukua", upakie ukurasa upya, jina litatokea.

Kwa anayeanza kwa bando la simu, `git clone --depth 1` inashusha hali ya sasa ya msimbo bila historia yote.

WhatsApp itumike kukumbushana tu. Kazi iliyogawiwa kwa ujumbe wa sauti haina mwenyewe.

Hatua ya 5: Kuirudisha kazi iliyokwama

Miradi mingi hufia hapa. Jina likikaa kwenye ishu miezi miwili, wengine wanaikwepa kwa heshima, na aliyeishika naye anaona haya kusema imemshinda. Ukimuuliza "vipi, umemaliza?" atajibu "namalizia, inshallah", na hujapata chochote. Kwa hiyo panga siku mapema, uziandike kwenye CONTRIBUTING.md (faili la maelekezo kwa wachangiaji) kabla kazi ya kwanza haijatoka, ili isionekane mtu fulani ndiye anayenyang'anywa.

Siku 7 bila dalili, uliza. Siku 14, rudisha. Dalili maana yake ni kitu kinachoonekana: tawi (mkondo wa kando wa msimbo) lililosukumwa, au ombi la kuunganisha lililofunguliwa kama rasimu, hata kama lina mistari mitano tu. Neno la mdomo halihesabiwi. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, minada ya korosho inapopamba moto na nusu ya kikundi wako shamba au ghalani, ongeza ziwe 14 na 28.

Swali la siku ya 7 limpe mtu mlango wa kutokea:

> Habari dada. Ishu ya 42 ina wiki sasa. Imefikia wapi? Ukiona shughuli zimekubana niirudishe kapuni, ukipata nafasi utachukua nyingine. Ulichoandika kisukume hivyohivyo hata kama hakijakamilika.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida. Akishafungua ombi namba 57, anayepokea anaichota kazi yake kwa `git fetch origin pull/57/head:kazi-57` (origin hapa iwe hazina ya shirika, si nakala yake) na kuendelea palepale. Asianze upya wala kuzikunja komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za mwanzo kuwa moja yenye jina lake peke yake. Mkilazimika kuzikunja, malizia ujumbe wa komiti kwa mstari wa `Co-authored-by:` wenye jina na baruapepe ya wa kwanza. Mjitoleaji hana mshahara. Ukimfutia na jina, harudi.

Siku ya 14 mwondoe kwenye Assignees, uandike sababu kwenye ishu kwa mstari mmoja, bila lawama.

Roboti ya actions/stale, inayofunga ishu zilizokaa kimya, siipendekezi kwa kazi hii. Kwa mipangilio yake ya awali inasubiri siku 60, inaweka alama, halafu siku 7 baadaye inafunga ishu. Tatizo la mizani linabaki palepale, limefichwa tu.

Hatua ya 6: Kufunga

Kwenye maelezo ya ombi andika `Fixes #42`, ishu itajifunga ombi likiunganishwa. Lakini hilo hutokea kwenye tawi kuu pekee. Mkiunganisha kwanza kwenye tawi la majaribio, ishu inabaki wazi ikiwa na jina la mtu aliyekwisha kumaliza, na siku ya 7 atatumiwa swali la bure. Mwenye Triage aifunge kwa mkono.