Somo: Maswali yanayomfanya mwanachuo afikiri

Watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora: wanachuo wengi wa Tanzania huvitaja vitu hivi vinne vya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bila kufungua daftari, na ndiyo maana ninapendekeza tuanze navyo.

Hatua ya kwanza. Wape aya zenyewe za Azimio wazisome kabla ya semina, wala si muhtasari wako.

Hatua ya pili. Kuuliza vitu vinne ni vipi hupima kumbukumbu tu. Uliza kwa nini fedha haimo, nao watalazimika kurudi kwenye maandishi, ambamo fedha inaelezwa kuwa ni matunda ya juhudi za watu na si msingi wa maendeleo.

Hatua ya tatu. Nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliona kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na ushahidi ukaanza kutajwa.

Hatua ya nne, iliyo nzito kuliko zote, ni kufuatilia. Mwanachuo akisema kwamba uongozi bora ndio muhimu zaidi, usimsifu wala usimsahihishe, bali muulize anautambuaje kabla ya kuona matokeo yake. Akijibu kwamba ni ule unaoleta maendeleo, hoja yake imejizungusha. Mwachie mwenzake alibaini hilo. Kisha muulize ni ushahidi gani ungemfanya aliache dai lake. Wengi hukwama hapa, na hapo ndipo semina inapoanza kufanya kazi yake.

Swali: Mwalimu, mimi nina wanachuo 300 ukumbini. Nifanyeje?
Jibu: Uliza swali moja tu, waandike jibu kwanza, wajadiliane wawili wawili, kisha sikiliza jozi chache zinazopingana.

Swali: Wangu huona wanaumbuliwa mbele ya wenzao.
Jibu: Hofu hiyo ina msingi, hasa ikiwa tunafuatilia majibu mabaya peke yake. Fuatilia na yaliyo sahihi, tena uulize dai linasimama juu ya nini, si kwa nini yeye amesema hivyo.

Swali: Na mtihani ukiendelea kudai kukariri?
Jibu: Watakariri, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu. Weka walau swali moja linalotoa dai na kuwataka waeleze ni ushahidi gani ungelidhoofisha, na uwatangazie hivyo tangu wiki ya kwanza.