Kupaka alumini kwenye kioo cha darubini ndani ya ombwe, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye chemba ya ombwe (chombo kinachotolewa hewa ndani yake) inayofanya kazi, iwe ya maabara ya chuo au ya karakana, anayetaka kupaka alumini kwenye kioo cha darubini cha sentimita 20. Njia yenyewe ni ya kuvukiza metali kwa joto. John Strong aliiendeleza huko Marekani miaka ya 1930, na mwaka 1935 kioo cha inchi 100 cha darubini ya Mount Wilson, California, kikapakwa alumini kwa njia hiyo. Kabla ya hapo vioo vilipakwa fedha kwa kemikali, na fedha hufubaa upesi. Viwanda sasa vina mbinu mpya zaidi, lakini kwa kioo kimoja cha alumini sioni sababu ya kuiacha hii. Kule Sutherland, Afrika Kusini, darubini ya SALT ina vipande 91 vya kioo vyenye pembe sita, na vyote hupakwa alumini upya kwa zamu.

Shika jambo moja: ubora wa utando huamuliwa kabla alumini haijayeyuka. Kuvukiza ni kazi ya sekunde chache. Kazi kubwa ni usafi na ombwe.

Hatua ya 1: Toa utando wa zamani

Tumia feri kloraidi, ile ile ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kula shaba kwenye bodi za saketi. Vaa glovu na miwani. Kostiki soda nayo hula alumini haraka, ila ikikawia juu ya kioo huanza kukila kioo chenyewe, kwa hiyo mimi siishauri.

Hatua ya 2: Osha kioo, na usiwe na haraka

Anza na maji mengi ya bomba ili vumbi lote liondoke kabla hujagusa uso kwa chochote. Kisha sabuni ya maji isiyo na manukato wala losheni, na pamba safi unayoiburuta kwa uzito wake tu, bila kukandamiza. Badilisha pamba mara kwa mara. Baada ya hapo sugua taratibu kwa unga laini wa kalsiamu kaboneti uliolowa, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa.

Sasa simamisha kioo wima uangalie maji yanavyoteremka. Yakishuka kama pazia moja lisilokatika, uso ni safi. Yakijikusanya matone au yakiacha kisiwa kikavu katikati, hapo kuna mafuta, rudia. Kioo kikishakauka, kipulizie pumzi: ukungu uwe wa rangi moja kote na ufifie bila kuacha michirizi. Alama ya kidole usiyoiona sasa utaiona vizuri sana juu ya alumini, na haitafutika. Tangu hapa ni glovu tu, na kioo kiingie chembani mara moja.

Hatua ya 3: Panga chanzo cha mvuke

Kioo kiwe juu, uso ukitazama chini, ili vumbi na matone ya metali yasikiangukie. Chini yake weka koili za waya wa tungsteni uliosokotwa, na juu ya mizunguko yake ning'iniza vipande vya waya wa alumini wenye usafi wa angalau asilimia 99.99. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini mvuke wa kutosha huupati hadi ukaribie nyuzi 1,200.

Uzito unaohitajika unapatikana kwa hesabu rahisi, ukichukulia kwamba mvuke unakwenda pande zote sawa: 4π × msongamano × umbali × umbali × unene. Kwa umbali wa sentimita 40, unene wa nanomita 100 na msongamano wa gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, utapata gramu 0.54. Ukingo wa kioo utapata pungufu kwa karibu asilimia 9, yaani nanomita 9. Hiyo ni kama 1/60 ya wimbi la mwanga wa kijani, na haiharibu umbo la kioo.

Koili mpya ichome kwanza bila kioo, alumini ilowe kwenye tungsteni na uchafu utoke.

Hatua ya 4: Vuta hewa

Mlango wenye kipenyo cha sentimita 50 utabeba mzigo wa hewa wa karibu tani 2. Kagua oringi (pete ya mpira inayoziba mlango), futa vumbi, na kama chemba yako ni chupa ya kioo, usiitumie bila wavu wa kinga.

Pampu ya rotari ikifika karibu milibari 0.05, washa umeme wa volti nyingi kwenye elektrodi ya alumini kwa dakika kama 10. Chemba itajaa mwanga wa waridi na zambarau, na ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) zitang'oa mabaki ya mwisho ya mafuta na maji. Umeme huu unaua. Funga mlango na uwe na swichi ya kuzima iliyo karibu na mkono wako.

Kisha fungulia pampu ya ombwe la juu hadi milibari 0.00001. Kwa presha hiyo molekuli husafiri zaidi ya mita 6 kabla ya kugongana na nyingine, kwa hiyo mvuke wa alumini unakwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo. Kama presha imegoma kushuka, funga vali ya pampu uandike presha kila dakika. Ikipanda kwa mstari ulionyooka, una tundu. Ikipanda kisha ikalegea, ni unyevu unaotoka kwenye kuta, na dawa yake ni muda au joto.

Hatua ya 5: Vukiza

Shata, yaani kizuizi kilicho kati ya koili na kioo, ikiwa imefungwa, pandisha mkondo wa umeme polepole hadi alumini iyeyuke na ienee kwenye koili. Tazama kupitia kioo cha kuchomelea. Ikishaenea, fungua shata na upandishe mkondo kwa nguvu. Kasi ni muhimu: hata kwenye presha ya milibari 0.000001 mabaki ya hewa yanaweza kufunika uso kwa tabaka moja la molekuli ndani ya sekunde chache tu, na alumini inayotua polepole humeza oksijeni na kuwa ya kijivu. Lenga makumi ya nanomita kwa sekunde. Mtetemo wa kipima unene cha kwatsi utakuonyesha lini ufunge shata.

Acha koili zipoe kabla ya kuingiza hewa, la sivyo tungsteni itaungua. Ingiza nitrojeni kavu au hewa iliyochujwa, taratibu.

Hatua ya 6: Kagua

Shika kioo mbele ya taa kali. Vitundu vichache vidogo havina neno; ukungu mweupe unamaanisha ombwe bovu, na utando unaobanduka kwa selotepu ukingoni unakurudisha hatua ya 2. Utando mzuri huakisi karibu asilimia 90 ya mwanga unaoonekana. Hewa yenyewe itauwekea oksidi ya nanomita chache. Ukitaka kinga zaidi, vukiza silikoni monoksidi juu yake, unene wa karibu nanomita 180.

Lini njia hii haitoshi

Vioo vya majengo vinavyozuia joto vina tabaka za fedha za nanomita kama 10, na unene huo lazima uwe sawa kwenye bamba la mita kadhaa. Koili haiwezi, hapo wanatumia magnetroni, ambamo ayoni za gesi ya agoni hugonga bamba la metali na kuchomoa atomu zake. Keekee za rangi ya dhahabu zina titani nitridi ya maikromita chache, iliyotua kwa plazma (gesi yenye ayoni) kwenye chuma chenye joto la mamia ya nyuzi. Na transista zinahitaji kujenga tabaka la atomu moja baada ya jingine, mbinu aliyoianzisha Tuomo Suntola nchini Finland mwaka 1974.

Kati ya hizo, magnetroni ndiyo unayoweza kuifunga kwenye chemba hii hii. Utahitaji sumaku nyuma ya bamba, maji ya kupoza, na agoni kwenye milibari 0.005 hivi. Kwa presha hiyo atomu hugongana kila baada ya sentimita moja na kitu, kwa hiyo kioo kisogezwe hadi sentimita 5 au 10 kutoka kwenye bamba. Anza na shaba, kwa sababu inachomoka kirahisi na haisumbui kwa oksidi kama alumini au titani.