Somo: Kuondoa madhara ya kiafya ya kuezeka tangu kwenye mchoro

Wengi wakisikia hatari za kuezeka huwaza kuanguka tu. Hata hivyo, wapo mafundi wasioanguka hata mara moja maishani ambao hustaafu wakiwa na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, na sehemu kubwa ya vumbi hilo huamuliwa na mchoraji wa ramani ya nyumba akiwa bado mezani.

Hatua ya 1: Panga paa kwa kipimo cha kigae. Vigae vya zege na vya udongo vina silika, madini yanayopatikana pia kwenye mchanga, na vinapokatwa vikavu kwa msumeno wa umeme hutoa vumbi laini mno, lisiloonekana kwa macho, ambalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi (makovu ya mapafu yasiyopona) na saratani. Chukua paa lenye upana wa mita 10.05 na kigae kinachofunika sentimita 30: kila mstari utahitaji vigae 33 na nusu, kuanzia chini hadi kileleni. Ongeza sentimita 15 za upana, nawe utapata vigae 34 kamili bila kukata hata kimoja. Mabonde ya paa, yaani pembe za ndani ambapo miteremko miwili hukutana, ni shida zaidi, maana kila kigae kinachoangukia hapo hukatwa mshazari. Kwa hiyo mteja anayetamani paa lenye vipembe vingi aelezwe mapema kwamba urembo huo fundi ataulipia kwa pumzi zake.

Hatua ya 2: Epuka lami ya moto. Moshi wake huwasha macho na koo, nayo huunguza ngozi vibaya. Kwa paa bapa, taja utando unaojibandika.

Hatua ya 3: Fikiria mgongo wa fundi. Mita moja ya mraba ya vigae vya zege huweza kuzidi kilo 40, hivyo acha nafasi ya winchi au kreni kwenye ramani ya eneo la kazi.

Hatua ya 4: Paa la zamani lichunguzwe kwanza kama lina asbesto, madini ya nyuzi laini zinazodhuru mapafu zikivutwa. Sampuli ipimwe maabara kabla hujachora chochote kinachohitaji kutoboa, kwa kuwa magonjwa ya asbesto huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, kujitokeza.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, barakoa haitoshi?
Jibu: Barakoa humkinga aliyeivaa ikiwa imembana vizuri usoni, lakini haimsaidii msaidizi anayepanga vigae pembeni. Iwe kinga ya mwisho.

Swali: Naomba kuuliza, bonde likiwa haliepukiki?
Jibu: Agiza vigae nusu kutoka kiwandani ili kusihitajika kipande chembamba cha pembeni, kwani hicho humlazimu fundi kukishika kwa mkono huku akikikata. Mikato inayobaki ifanyike chini, kwa msumeno wenye maji.

Swali: Paa letu ni la asbesto na limeota kuvu. Tulioshe kwa mashine ya presha?
Jibu: Hapana. Presha huchimbua nyuzi na kuzisambaza. Likiwa zima, liacheni bila kulisugua wala kulikanyaga. Likipasuka, waiteni wataalamu waliofunzwa kuliondoa likiwa limeloweshwa, shiti moja moja bila kuzivunja.