Kabowa kadogo keupe ka ku pori: namna ya kukajua

Mvua ikishashika huku Lubumbashi, kuanzia mwezi wa 11, pori ya miombo inajaa bowa, na zenye kusumbua batu sana ni zile ndogo nyeupe, juu kwa macho zote zinafanana. Usianze na rangi, anza na mahali zinaotea.

Ukikuta tubowa mamia kwa mamia, tumetoka pamoja ku udongo ya kichuguu ao pembeni yake, kofia haipiti sentimeta 2 hivi, katikati kuko kancha kadogo ka kijivu ao kahawia, hiyo inaweza kuwa Termitomyces microcarpus, bowa ndogo ya kichuguu. Mchwa njo wanailima: wanatoa vipande vya bustani yao ya chini wanavimwaga inje, mvua inapiga, bowa inatoka. Termitomyces zingine nyingi zina muzizi murefu unashuka mpaka ndani ya kichuguu, hii ndogo haina, kwa hiyo ukikosa muzizi usiitupe.

Chimba na kisu, usivute! Shina lote litoke na chini yake. Ukiona kifuko pale chini, ao pete ku shina, iache, inaweza kuwa Amanita. Najua Amanita loosii inauzwa na batu banakula vizuri, lakini ku jenasi hiyo hiyo (kikundi cha bowa za ndugu) kuko zenye kuua, sumu yake haiishi hata upike namna gani, na tumbo inaanza kuuma kisha masaa 6 mpaka 24, mutu ameshasahau alikula nini.

Kisha kata kofia moja, iweke ku papie nusu nyeupe nusu nyeusi, vijani (vile vipande vyembamba vya chini ya kofia) viangalie papie, funika na gilasi, acha usiku muzima. Asubuhi angalia vumbi yenye imeanguka ku papie. Vumbi ya pinki, unakaribia Termitomyces. Nyeupe, hapana. Kahawia, hapana kabisa, inaweza kuwa Inocybe, bowa ingine yenye sumu ya muscarine. Na pinki peke yake haitoshi juu Entoloma, jenasi ingine, pia inatoa pinki na zingine zina sumu, sasa geuza kofia: vijani vya Termitomyces havishiki shina, vya Entoloma mara nyingi vinashika.

Jenasi Termitomyces iliundwa na Roger Heim, Mufaransa, mwaka wa 1942, na leo inawekwa ku familia ya Lyophyllaceae. Ku karatasi yako andika tarehe, mahali, miti ya karibu, kichuguu kama iko, rangi ya vumbi. Na kama unawaza kukula, mbele ya sufuria peleka bowa nzima, na shina yake, kwa mama mwenye kuzoea kuokota ku pori ile ile.