Kutembea Njia ya Appalachian kipande kwa kipande ukiwa na mbwa

Njia ya Appalachian, Marekani, ina urefu wa kilomita zipatazo 3,500. Inaanzia mlima Springer jimboni Georgia, inapita majimbo 14 na kuishia kileleni Katahdin, Maine. Wapo wanaoimaliza kwa mkupuo mmoja. Sisi wenye kazi na watoto tunaikata vipande: wikiendi hii kilomita 20, likizo ijayo 60. Mimi naishi Maryland, na huu ni mwaka wa nne natembea na Simba, mbwa jike wa kilo 24. Kwa mwenye mbwa, vipande ndivyo ninavyovipendekeza, kwa sababu mbwa atakufuata hata akiwa anaumia. Hana namna ya kukuambia "leo basi", kwa hiyo wewe ndiye wa kumsemea.

Hatua ya 1: Anza kwa daktari wa mifugo. Mbwa mdogo ambaye mifupa yake haijakomaa asibebe mzigo wala kutembea siku nzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, na cheti chake ukibebe. Uliza pia chanjo ya ugonjwa wa Lyme, unaoambukizwa na kupe, na ya leptospira, bakteria wanaopatikana kwenye maji machafu, na dawa ya kuzuia kupe. Ya kupe usiiache kabisa. Misitu ya huku imejaa.

Hatua ya 2: Weka alama mahali mbwa haruhusiwi. Ni patatu: Hifadhi ya Great Smoky Mountains, Hifadhi ya Baxter huko Maine, na makumbusho ya wanyama ya Bear Mountain, New York, ambako kuna njia ya kuzunguka. Katahdin yenyewe iko ndani ya Baxter, kwa hiyo kilele cha mwisho utakipanda bila mbwa. Mtafutie mapema mahali pa kumwacha siku hizo.

Hatua ya 3: Chagua kipande cha kwanza kwa kipimo cha mbwa. Mimi nilianza na Maryland: kilomita 66 hivi, kutoka Pen Mar kushuka hadi mto Potomac, na sehemu kubwa inapita juu ya mgongo wa mlima bila miinuko ya kutisha. Barabara zinaikata mara kwa mara, na hilo ndilo muhimu, maana mbwa akichoka unatoka. Usafiri uulize kabla. Ukimpigia simu dereva wa kukurudisha kwenye gari lako, neno la kwanza liwe "nina mbwa". Niliwahi kuachwa barabarani kwa muda wa saa mbili kwa kusahau kulisema.

Hatua ya 4: Mzigo. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kubeba begi lake, ila mimi sivuki sehemu ya kumi ya uzito wake. Kwa Simba ni kilo mbili na ushee: chakula chake, bakuli la kukunja na viatu vyake vinne. Pande zote mbili za begi ziwe sawa, la sivyo litamchubua makwapa. Chakula naongeza kama nusu ya kile anachokula nyumbani. Maji yake nabeba mimi.

Hatua ya 5: Njiani. Kamba isizidi mita 1.8; ndiyo sheria katika ardhi ya hifadhi za taifa, Shenandoah ikiwemo, na mimi siifungui popote. Kuna dubu weusi, kuna nyoka wa njuga, na kaskazini kuna nungunungu. Mbwa aliyefunguliwa huvikuta vyote kabla yako.

Joto ndilo adui mkubwa. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Wakati wa kiangazi tunaondoka alfajiri na saa sita mchana tuko kivulini. Ukiona ulimi umetanuka, fizi zimeiva wekundu au anayumba, simama hapohapo: mmwagie maji tumboni na miguuni, kisha anza mpango wa kumfikisha kwa daktari.

Halafu nyayo. Kila saa namwinua miguu, mmoja mmoja, natazama katikati ya vidole. Somo hili nililipata Pennsylvania, ambako njia ni mawe yaliyochongoka kwa kilomita nyingi. Siku ya pili Simba alianza kulamba mguu wa mbele wa kushoto kila tulipopumzika. Nikadhani ni tope. Jioni nikakuta unyayo umechanika. Nilimfunga bendeji, nikamvisha kiatu, na kesho yake tukatokea barabara ya kwanza, kipande hatujakimaliza. Iliniuma sana, si kwa zile kilomita, bali kwa kuwa alikuwa ameniambia tangu asubuhi.

Hatua ya 6: Kambini. Laleni kwenye hema, si katika kile kibanda cha wasafiri wote. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa getini, na kumwogopa ni jambo la kawaida. Mheshimu anayeogopa, na yule ambaye dini yake inamtaka akae mbali na mate ya mbwa. Ukipishana na mtu, shika kamba fupi, toka pembeni, apite. Kinyesi kizike sentimita 15 chini, mita 60 kutoka kwenye maji. Chakula cha mbwa kihifadhiwe mbali na dubu pamoja na chako.

Kabla ya kulala, mpapase mwili mzima kutafuta kupe: masikioni, makwapani, chini ya mkia. Mng'oe kwa kibano, taratibu, karibu na ngozi. Kupe huchukua muda akiwa amejishikiza kabla ya kuambukiza Lyme, kwa hiyo msako wa kila jioni unaokoa.

Hatua ya 7: Baada ya kurudi. Simba anapumzika siku nyingi kuliko tulizotembea. Naandika daftarini tulipoishia, hali ya nyayo na kupe wangapi nilimtoa. Dalili za Lyme huweza kuchelewa miezi kadhaa. Akichechemea, akipata homa au akikataa chakula, mpeleke kwa daktari na daftari hilo mkononi.